DVD za harusi na maulidi zimeanza kuganda: nitumie programu gani?

Barua za safari hii zote zimetoka Tanga, mjini na wilayani, na zote zinazunguka jambo moja: kutoa nakala za akiba za DVD za nyumbani kabla hazijafika mahali pa kutosomeka. Mafundi wetu wamezijibu.

SWALI: Asalaam alaykum wahariri. Nina DVD kama sitini: harusi za watoto, maulidi, mahafali ya madrasa. Nyingine ni za tangu 2007. Kijana wa stesheneri ananiambia ninunue Nero, mwenzake anasema HandBrake, na mpwa wangu anasema hakuna haja ya programu, ni kukopi na kupesti tu. Nimsikilize nani?
*Mama wa Ngamiani, Tanga*

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Kila mmoja wao yuko sahihi kwa kazi aliyoifikiria yeye. Kabla ya kuchagua programu, amua kwanza nakala yenyewe ni ya nini.

Ipo nakala ya akiba, ambayo siku diski ikifa utachoma nyingine isiyo na tofauti hata ya herufi moja, menyu zake na vipande vyake vyote vikiwa mahali pake. Na ipo nakala ya kutazama, yaani faili moja la MP4 la kuweka kwenye simu au kuchomeka kwenye TV kwa flashi. Ya kwanza hutoka kama faili la ISO, yaani diski nzima ndani ya faili moja. Ya pili ni video iliyobanwa, na kila ikibanwa hupoteza ubora ambao haurudi tena. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni watu kutengeneza ya pili, kuridhika nayo, na kuitupa diski.

Ushauri wetu ni kuanza na ISO, kisha MP4 itoke humo humo kwenye ISO. Kwa njia hiyo diski inazungushwa mara moja tu, nayo ikishachoka kila mzunguko una hesabu yake.

Kwa ISO kwenye Windows, chukua ImgBurn. Ni ya bure. Toleo lake la mwisho, 2.5.8.0, lilitoka 2013, lakini uzee huo usikutishe: muundo wa DVD haujabadilika, na programu bado inafanya kazi kwenye Windows 10 na 11. Cha kuangalia ni pale unapoipakua. Ingia kwenye tovuti yake yenyewe, na wakati wa kuisakinisha soma kila ukurasa na uondoe alama ya tiki kwenye programu yoyote ya ziada inayojipenyeza. Wanaobonyeza "Next" mfululizo ndio hao baadaye wanalalamika kompyuta imejaa matangazo.

Ukiifungua, bonyeza "Create image file from disc". Chagua draivu upande wa juu, kisha chini yake chagua faili liende wapi. Lipe jina linaloeleweka, kwa mfano 2007-08_harusi_diski1.iso, maana baada ya miezi sita hakuna atakayekumbuka "Untitled4" ni harusi ya nani. Bonyeza picha kubwa ya diski iliyo chini. DVD nzima huchukua kama dakika 10 hadi 20 kutegemea draivu.

Kuhusu nafasi: kava linasema GB 4.7, Windows itakuonyesha 4.38. Hujaibiwa kitu, mwenye kiwanda anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Diski zako sitini, hata zikiwa zimejaa zote, ni kama GB 263. Eksteno (diski ya nje ya kompyuta) ya GB 500 inakutosha na nafasi ya MP4 inabaki. Zikiwemo za tabaka mbili, zile za GB 8.5, kila moja ihesabu kama diski mbili.

Nero ni programu nzuri ila inalipiwa. Kama unayo tayari, itumie. Kama huna, hakuna inachokupa kwa kazi hii ambacho ImgBurn haina, na ile ya "kreki" inayozunguka mtaani kwa flashi mara nyingi inakuja na virusi vyake.

Mpwa wako naye hajakosea sana. Ukifungua diski utakuta folda ya VIDEO_TS, na ukiinakili video unayo. Lakini kopi-pesti ikikutana na sehemu mbovu inakata kazi katikati, na siku ya kuchoma upya watu huiburuta folda hiyo kama data ya kawaida, deki inaikataa. ISO inakuepusha na yote mawili.

HandBrake ni ya hatua ya pili. Nayo ni ya bure. Matoleo ya sasa yanataka Windows 10 au 11 ya biti 64. Ifungulie lile faili la ISO, usiifungulie diski. Itakuorodheshea vipengele kwa urefu wa dakika. Harusi yenyewe kwa kawaida ni kile kirefu kuliko vyote. Chagua mpangilio wa "Fast 576p25", kwa sababu DVD zetu nyingi ni za mfumo wa PAL, picha 25 kwa sekunde. Kwenye kichupo cha Video kuna kipimo kinachoitwa RF: namba ikishuka, ubora unapanda na faili linanenepa. Kwa DVD iweke kati ya 18 na 20. Harusi ya saa mbili mara nyingi itatoka na ukubwa wa kuanzia MB 800 hadi GB 1.5. Iliyopigwa ukumbini kwenye mwanga hafifu huwa nzito zaidi, maana zile chembechembe za gizani programu inazihesabu kama picha.

Kama bibi harusi akitembea mkono wake unatokea na meno kama ya kitana, hiyo ni video iliyorekodiwa kwa mistari ya kupishana. Ingia kwenye "Filters", weka "Decomb", rudia. Na kama TV inaonyesha picha bila sauti, hakikisha sauti imewekwa AAC. TV nyingi za bei ndogo hazisomi AC3, ambayo ndiyo imejaa kwenye DVD.

SWALI: Nimetengeneza ISO ya mahafali, ina GB 4.3. Flashi ni ya GB 32 na haina kitu ndani, lakini faili linakataa kuingia, linaambiwa ni kubwa mno. Nimeuziwa flashi feki?
*Mwalimu, Muheza*

JIBU: Si lazima iwe feki, mwalimu. Flashi nyingi zinauzwa zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4, hata nafasi ikiwa tele. Hamisha kwanza vilivyomo, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya flashi, chagua Format, kisha exFAT. Kila kilichomo kitafutika.

Ila jiulize ISO inaenda kufanya nini kwenye flashi. Kama ni kubebwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, sawa. Kama ni kuchomekwa kwenye TV ya ofisi ya walimu, TV haitaisoma kabisa. Hapo peleka MP4, na iache flashi kwenye FAT32, kwa sababu deki na TV za zamani hazijui exFAT.

SWALI: Diski ya harusi ya marehemu dada yangu ninayo moja tu. ImgBurn inakwenda vizuri mpaka asilimia themanini na kitu, kisha draivu inaanza kulia na kunaandikwa makosa ya kusoma. Nimerudia, inakwama palepale. Kuna programu yenye nguvu zaidi?
*Msomaji, Raskazone*

JIBU: Ipo, na tutaifikia. Kwanza acha kurudia. Kila jaribio linaichosha draivu na halikuongezei kitu.

Kukwama kuelekea mwisho si bahati mbaya. DVD husomwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo asilimia themanini ni karibu na ukingo, na ukingo ndio unaoshikwa na vidole, ndio unaoingiwa na unyevu wa pwani pale mabamba mawili ya plastiki yalipogandishwa, na ndio uliochomwa kwa kasi kubwa zaidi na aliyekuwa na haraka. Itazame diski ukiielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Alama za vidole na ukungu vinatoka. Mikwaruzo myepesi huvumilika. Rangi ya chini ikiwa imepauka kwa mabaka, huo ni wino wa kurekodia ulioharibiwa na joto au jua, na hakuna kitambaa kitakachourudisha.

Osha kwa maji safi ya vuguvugu na tone la sabuni ya maji, kwa vidole. Suuza, kisha futa kwa kitambaa laini cha pamba ukitoka katikati moja kwa moja hadi ukingoni. Usizungushe mkono. Mkwaruzo unaofuata mzunguko unafuta data nyingi zilizo mfululizo, na masahihisho yaliyomo kwenye DVD hayawezi kuziba pengo refu; ule unaokata kutoka katikati kwenda nje unagusa kila mzunguko kidogo tu, na hilo linarekebishika. Ianike kivulini. Dawa ya meno iacheni kwa meno. Inasugua plastiki na kuongeza mikwaruzo mipya.

Kisha jaribu draivu nyingine. Macho ya leza hayalingani. Draivu nene ya kompyuta ya mezani, hata iliyotupwa stoo, mara nyingi husoma diski ambayo ile nyembamba ya USB imeikataa. Ukilazimika kutumia ya USB, ichomeke kwenye kompyuta moja kwa moja. Ikipitia kigawanyaji inaweza kukosa umeme wa kutosha, ikaonekana kana kwamba kosa ni la diski.

Ikishindikana, ndipo ije ddrescue. Ni programu ya bure ya Linux, na huhitaji kuiondoa Windows: pakua SystemRescue, ambayo ni Linux inayowaka kutoka kwenye flashi, iweke kwenye flashi ya GB 4, washa kompyuta kwa flashi hiyo, na ddrescue imo ndani. Fungua eksteno na ufanyie kazi humo humo. Ukisevu kwenye mfumo wa flashi, faili linakaa kwenye kumbukumbu ya muda na ukizima linapotea. Amri ya kwanza ni hii (/dev/sr0 ni draivu yako ya DVD):

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Hii inazoa kila kinachosomeka kwa urahisi na kuruka penye ubovu bila kung'ang'ania. Ikimaliza, amri ya pili inarudi kwenye yale mashimo tu:

ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Hilo faili dogo la harusi.map ndilo roho ya kazi. Limeandika kipi kimeshapatikana na kipi bado. Umeme ukikatika katikati, washa, toa amri ileile, itaendelea ilipoishia. Ukihamia draivu nyingine, itasoma mapengo tu. Msilifute.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Harusi zetu, mpiga video hakuchoma diski moja. Upande wa bibi harusi walipewa yao na upande wa bwana harusi yao. Ulizieni kwa wakwe. Kama diski zote mbili zilichomwa kutoka kwenye kazi moja na ukubwa wake unalingana kamili, weka ya pili kwenye draivu na uirudishe amri ya pili kwa harusi.iso na harusi.map zilezile. Pale ya kwanza ilipooza, ya pili itajaza, kwa kuwa ni nadra diski mbili kuharibika mahali pamoja. Weka kwanza kopi ya harusi.iso pembeni, maana kama mpiga video alibadilisha kitu kati ya diski moja na nyingine, utachanganya kazi mbili zisizofanana.

Likibaki pengo dogo usihuzunike sana. Sehemu chache zikikosekana, picha itaganda sekunde moja au mbili kisha itaendelea. Kama VLC, programu ya kuchezea video, inakataa kuifungua ISO kabisa, huenda kilichoumia ni faili la IFO, lenye ramani ya menyu. Fungua ISO, toa VIDEO_TS yote kwenye folda, na pale palipo na VTS_01_0.IFO mbovu chukua VTS_01_0.BUP, tengeneza kopi yake na ubadilishe mwisho wa jina uwe IFO. Ni faili lilelile, waliotunga DVD waliliweka mara mbili kwa ajili ya siku kama hii.

SWALI: Shikamooni. Diski niliyochoma inacheza kwenye laptop, kwenye deki ya sebuleni inazunguka tu. Nyingine inacheza lakini inaganda dakika za mwisho. Na ninayo moja ya zamani ambayo laptop inasema ni tupu, na mimi najua ina kitu.
*Mzee wa Pangani*

JIBU: Marahaba yetu tunakurudishia shikamoo, mzee, wewe ndiwe mkubwa. Tuzichukue moja moja.

Ya kwanza, tazama yaliyomo kwa laptop. Ukikuta faili la ISO limekaa peke yake ndani ya diski, ulilichoma kama mzigo wa kawaida. Kwenye ImgBurn tumia "Write image file to disc", ambayo inalifungua ISO na kuliandika kama DVD yenyewe. Ukikuta MP4, deki za zamani haziisomi. Ukikuta VIDEO_TS na bado deki inakataa, basi ni aina ya diski tupu: deki nyingi za zamani zinapatana na DVD-R kuliko DVD+R. Karatasi ya gundi nayo iondoe kwenye mawazo yako kabisa. Unyevu wa pwani unaivuta, diski inapinda kidogo, na inapozunguka inayumba. Andika jina kwa kalamu laini ya CD isiyo na spiriti kali, karibu na tundu la katikati.

Ya pili ni kasi. Diski iliyoandikwa 16x ichome kwa 8x, na kama draivu yako ni nyembamba au diski ni za bei ya chini, 4x. Kwa 4x diski iliyojaa ni kama dakika 14, na acha tiki kwenye "Verify" ili programu iisome yote upya na kuilinganisha. Ukichoma kwa 16x, kasi hiyo hufikiwa ukingoni, na ukingoni ndiko ziliko hizo dakika zako za mwisho.

Ya tatu, igeuze chini ya mwanga. Ukiona pete yenye rangi tofauti kutoka katikati kwenda nje, diski imeandikwa. Hiyo ilitoka kwenye rekoda ya DVD ya mezani au kamera na haikufungwa mwishoni. Kama mashine iliyoirekodi bado ipo, irudishe humo na uchague "Finalize". Kama haipo, IsoBuster ina uwezo wa kuingia kwenye diski zisizofungwa. Baadhi ya kazi zake zinalipiwa, lakini itakuonyesha kilichomo kabla hujatoa pesa. Usiichome juu yake kitu kingine.

SWALI: Nataka kunakili filamu zangu za orijino nilizonunua. Nikinakili VOB, yale mafaili ya video yaliyomo kwenye VIDEO_TS, picha inatoka vipande vya rangi.
*Korogwe*

JIBU: Hiyo ni kufuli inayoitwa CSS. Picha zimevurugwa kwa makusudi, na ufunguo uko sehemu ya diski ambayo kopi-pesti haifiki. ImgBurn na HandBrake hazikuundwa kuifungua, nasi hatufundishi kuifungua hapa. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na msimamizi ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki; mwenye swali kuhusu kazi fulani aulize huko. Na diski isiyo na kufuli haimaanishi ruhusa ya kutoa kopi za kuuza au kukodisha.

SWALI: Nikishaweka ISO zote kwenye eksteno, nitajuaje baada ya mwaka kwamba hazijaharibika?
*Dada wa Chumbageni*

JIBU: Siku ya kwanza, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri la Windows) ndani ya folda ya ISO na uandike:

certutil -hashfile harusi.iso SHA256

Itatoa mstari wa herufi na namba 64. Unakili kwenye daftari au kwenye faili dogo la maandishi. Mwaka ukipita, rudia amri. Mstari ukiwa uleule, hakuna hata biti moja iliyobadilika; ukitofautiana kwa herufi moja, leta nakala ya pili. Kwa hiyo nakala ya pili iwepo, kwenye eksteno nyingine na ikae nyumba nyingine, kwa ndugu wa Makorora au Korogwe, na si kwenye droo ileile.

Diski zenyewe zisitupwe. Zisimamishe wima kwenye kava zake, mbali na dirisha la upande wa jua na mbali na ukuta unaotoa chumvi, na usiziache kwenye dashibodi ya gari.